Nilitubu Tumbako Ambayo Sikuinusa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata na mtu aliyeinamisha kichwa.

Mimi ni Mama Rebeka Nekesa. Ninyi wa kanisa letu hapa Kitale mnanijua, na kama hamjaniona basi mmenisikia, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kukaa nyumbani. Nimekuwa kiongozi wa akina mama miaka kumi na miwili. Ninyi wa Bungoma mtakaosoma karatasi hii, mimi ni binti yenu. Nilizaliwa karibu na Malakisi, nikaolewa huku Trans-Nzoia kwa watu wa mahindi. Shule niliacha darasa la nne. Mkiona maandishi yamepinda, nyoosheni wenyewe.

Mwaka juzi, wakati wa palizi, nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba Mungu amenifungua kutoka kwa tumbako. Mnakumbuka. Nililia. Mlipiga makofi na vigelegele, akina mama wakapanga laini kunikumbatia mmoja mmoja. Pasta akasema hajawahi kuona kiongozi amejishusha namna hiyo.

Ndugu zangu, ule ushuhuda ulikuwa uongo!

Sijawahi kunusa tumbako tangu nizaliwe. Sijawahi kuvuta. Ile harufu mlisikia kwangu ilikuwa ya jani, na lile jani lilikuwa limefunika kidonda kwenye titi langu.

Wacha nianze pale mambo yalianzia, maana nikianza katikati mtanihurumia bure.

Baba yangu alilima tumbako kule Malakisi. Tulikuwa na banda la kukaushia, refu kuliko nyumba yetu. Nilikuwa na dada mkubwa, Nafula. Aliolewa vizuri, akazaa watoto wawili, halafu siku moja tukamwona amerudi nyumbani na sanduku lake. Bwana yake alikuwa amemrudisha. Titi lake la kulia lilikuwa limevimba na ngozi imekuwa ngumu kama ganda la chungwa. Baadaye likapasuka.

Mama yangu alimlaza nyuma ya banda. Mchana kutwa harufu ya tumbako ilikuwa inameza ile harufu nyingine. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na kazi yangu ilikuwa kuchagua majani laini yasiyo na matundu, ambayo Mama alimfunga nayo kifuani. Wageni wakiuliza, tulisema Nafula ana malaria. Mama alinishika sikio akaniambia hivi: "Watu wakijua, hakuna mwanamume atakanyaga hapa kutafuta bibi. Wewe utazeekea kwa hii jiko. Tutaitwa nyumba ya matiti yaliyooza."

Dada yangu alikufa hajafika miaka thelathini. Kwa mazishi walisema malaria. Mimi nililia malaria pamoja na wengine. Nikaolewa. Nikazaa watoto saba, na wa nne alipokuwa msichana nikampa jina la dada yangu, vile desturi yetu inataka, ili jina lisipotee. Nafula. Jina nilimpa. Kilichomuua mwenye jina sikumpa.

Sasa mniangalie mimi nilivyokuwa. Nilinyonyesha watoto saba, kila mmoja miaka miwili, na sikuacha mtu yeyote asahau. Kwa mikutano ya akina mama nilikuwa nasema hiyo kansa ya titi ni ya wasichana wa mjini wanaonyima watoto ziwa ili wasilegee. Mama mmoja wa kanisa hili alikatwa titi, na mimi nikasema mbele ya wengine, "Huyo aulizwe alitoa mimba ngapi." Wakacheka. Yeye alisikia. Akahama kanisa. Wewe mama uliyehama, popote ulipo, kama karatasi hii itakufikia, sina maneno. Nilikula nyama yako nikapangusa mdomo.

Kisha Mungu akanitembelea mimi mwenyewe. Nilikuwa najipaka mafuta baada ya kuoga, mkono ukakuta kitu kwenye titi la kushoto. Kidogo kama punje ya mahindi. Hakikuuma. Nikajiambia ni mafuta tu, mwili wa nyanya mwenye wajukuu hauna adabu. Baada ya miezi kikawa kama haragwe, halafu kama kokwa la parachichi. Nilikuwa naenda msalani kujishika huko, ndugu zangu, kama mtoto anayeiba sukari. Mwaka mzima ukapita, na miezi ya mwaka mwingine. Chuchu ikaingia ndani. Ngozi ikapasuka.

Mkono wangu haukuenda kutafuta daktari. Mkono wangu ulikumbuka kazi yake ya zamani. Nilimwomba ndugu yangu aliyebaki Malakisi aniletee majani ya tumbako, nikamwambia kuku wangu wana utitiri. Nikawa najifunga jani, juu yake kitambaa, juu yake sidiria, juu yake sare ya akina mama. Nikiwa nimevaa hivyo nilisimama mbele yenu nikiongoza nyimbo!

Mama Selina, rafiki yangu, huwa anasimama nyuma yangu kwa kwaya. Jumapili moja akaniinamia sikioni.

"Mama Rebeka, mbona unanuka kama mzee wa pombe ya busaa?"

"Ni leso. Ilikuwa stoo."

"Leso gani hiyo inavuta kiko, bana?"

Wiki hiyo hiyo pasta alikuja kwangu na Selina na mzee mmoja wa kanisa. Nikawapikia chai. Pasta alizunguka sana, akaongea habari ya mvua, akaongea habari ya mbolea, mwisho akasema, "Mama, tumesikia jambo dogo, na tumekuja kwa upendo. Ni habari ya tumbako."

Hapo nilikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema, "Pasta, mimi ni mgonjwa." Maneno manne tu. Lakini nilimwona Selina ameshika kikombe akiningojea, na nikamkumbuka yule mama niliyemcheka. Nikaona heri mniite mnusa tumbako kuliko mniite mwanamke aliyeoza. Dhambi ya tumbako unaombewa inaisha. Nikainamisha kichwa nikasema, "Pasta, ni kweli. Shetani alinikamata. Ni ya kunusa."

"Si nilisema!" Selina akaruka. "Mimi pua yangu haidanganyi."

Ndivyo nilivyokuja mbele siku ile. Machozi mliyoona yalikuwa ya kweli, hayo sikuigiza. Selina alinikumbatia akanibana kabisa pale penye kidonda, na mimi sikuweza kusema ai. Mkafikiri ni Roho ameshuka.

Na baada ya kufunguliwa, ningenukaje tena tumbako? Nikaanza kutumia majani ya mkaratusi kila Jumapili. Jumatatu hadi Jumamosi narudi kwa tumbako. Haya, chekeni kama mnataka. Mimi nilikuwa nafunga uongo kwa ratiba.

Wakati wa kuvuna, binti yangu Nafula alikuja kunisaidia. Yeye ameolewa Kamukuywa, anauza nguo za mitumba siku za soko, na wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minne na mtoto wa tatu anaelekea kuachishwa ziwa. Tulikuwa tumekaa kwenye turubai tunapukuchua mahindi, jua limepanda. Nikamwona ameacha kazi ananiangalia kifuani.

"Mayi, umejikata?"

Niliangalia. Damu ilikuwa imepita jani, kitambaa, sidiria, ikatokea kwenye gauni. Nikasema ni nyanya. Hatukuwa na nyanya hapo. Hatukuwa tumepika nyanya siku hiyo.

Nafula ana mikono ya mtu anayefungua marobota. Alinivuta ndani, akafungua vifungo vyangu. Kwetu mtoto mkubwa hamvui mama yake, na mama hamwonyeshi mtoto mzima kifua ila kama anataka kumlaani. Nilipiga kelele hivyo. Nikamwambia laana itamshika. Hakusikia. Alipotoa lile jani alilishika kwa vidole viwili, limelowa, akanusa.

"Kumbe hii ndiyo tumbako yako, Mayi? Hii ndiyo ulitubu?"

Nilijifunika kifua kwa mikono. Yeye alikaa chini akalia kama amefiwa.

Kesho yake tulikuwa hospitali, na kutoka hapo wakatutuma kwa hospitali kubwa ya rufaa. Daktari alikuwa msichana, kijana kabisa, lakini mikono yake ina heshima. Alipima kile kitu na futi ndogo ya chuma kama fundi. Akashika kwapani akakuta vingine viwili. Wakanitoboa na sindano nene, wakachukua nyama ya kupeleka maabara.

Halafu akachukua karatasi ndefu, akaanza kuniuliza maswali. Nilikasirika, nikasema, "Nimekuja kutibiwa, sikuja kuhesabiwa."

Akacheka. "Nyanya, tunawaandika wote, wa nchi nzima. Tunataka kujua wanawake wetu wanaugua wakiwa na miaka mingapi, uvimbe unakuja hapa ukiwa na ukubwa gani, ni wa aina gani. Ukiniambia ukweli, unasaidia mwingine ambaye hata hutamjua."

Una miaka mingapi? Sitini na mmoja. Umezaa wangapi? Saba! Hapo nilinyoosha shingo. Uliwanyonyesha? Wote! Akasema vizuri sana, kunyonyesha kunasaidia, lakini si ukuta wa mawe. Shingo ikarudi. Ulianza kuona kivimbe lini? Nikasema miezi miwili. Nafula akanigeukia. Daktari akaangalia titi langu, akaangalia uso wangu, akasema, "Nyanya." Nikasema sawa, mwaka na nusu.

Kisha akauliza, "Kwa familia kuna mwingine aliwahi kuwa na ugonjwa huu? Mama yako? Dada yako?"

Ndugu zangu, hapa ndipo aibu yangu yote inakaa. Kabla sijafungua mdomo, Nafula alinijibia. "Hakuna, daktari. Mama mkubwa alikufa akiwa kijana, lakini huyo alikufa na malaria. Mimi ndiye nimeitwa jina lake."

Alisema hivyo akiwa na uhakika wote, kwa sababu ni mimi nilimfundisha. Nikanyamaza. Daktari akaandika hapana.

Akamwambia Nafula, "Na wewe uwe unajishika kila mwezi. Ukifika arobaini uje kwa mashine ya kupiga picha matiti. Kama kungekuwa na mwingine aliyeugua akiwa kijana, ningekupima leo leo."

Nilisikia maneno hayo na masikio haya mawili. Nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki, karibu na binti yangu hata magoti yetu yanagusana. Na nilinyamaza. Nilifikiria wasichana wake wawili na siku watakapotafutwa na wachumba. Nilimsikia mama yangu akinishika sikio.

Majibu ya maabara yalitoka. Daktari akanieleza polepole. Kansa imefika hatua ya tatu, imetoka kwenye titi ikaingia kwapani, lakini haijaenda mbali. Na ile aina yangu inalishwa na homoni za mwili, kwa hivyo kuna tembe za kuinyima chakula baadaye. Kwanza dawa ya kuingia kwa mshipa, kisha upasuaji, kisha mionzi. Alisema, "Wengi wanakuja hapa kama wewe, wamechelewa. Wengi hata ni wadogo kuliko wewe." Nikatazama benchi la nje. Kulikuwa na mama kijana na mtoto mgongoni, amefunga leso mara mbili juu ya kifua. Nilijua harufu ya kile kitu kabla sijafika karibu naye.

Ile dawa ilinipiga. Nywele ziliisha kama manyoya ya kuku kwa maji moto. Chakula chote kilikuwa na ladha ya misumari. Nafula aliacha biashara yake ya Kamukuywa, akaja kukaa nami na mtoto wake. Ni yeye alikuwa ananiogesha. Mimi niliyetishia kumlaani kwa kunivua!

Siku moja saa sita mchana nimekaa kwa stuli nyuma ya nyumba, yeye anamwaga maji mgongoni mwangu, tunaongea mambo ya kawaida ya kuku. Akasema tu hivi, kwa kucheka, "Mayi, usitishike, lakini hata mimi niko na kaharagwe kadogo hapa pembeni. Nafikiri ni maziwa yameganda kwa sababu namwachisha mtoto. Si daktari alisema kwetu ni wewe tu?"

Maji yalikuwa ya moto lakini nilisikia baridi ikitoka kwa visigino.

Mdomo wangu ambao umewasema nyote haukutaka kufunguka. Nilimwomba Mungu, "Wele wangu, kama unaniua niue, lakini usinyamaze na mimi." Nikasema. Niliongea nikiangalia beseni. Nilimwambia banda la Malakisi. Nilimwambia majani laini. Nilimwambia hakukuwa na malaria.

Alisimama na kikombe mkononi. Kisha akasema, "Mmenipa jina la mtu mkanificha kilichomuua."

"Nilitaka uolewe vizuri, mwanangu."

"Mimi nilimwambia daktari malaria! Na mdomo wangu! Wewe umekaa hapo, Mayi. Umekaa hapo unaniangalia."

Aliweka kikombe chini, hakukitupa, na hiyo iliniuma zaidi. Akamchukua mtoto wake akaenda. Niliachwa na sabuni kwa shingo. Nilijimwagia maji mwenyewe, nikavaa, nikatembea hadi kwa Mama Selina, kichwa changu kikiwa wazi bila kitambaa, ili watu waone. Nikamwambia Selina yote, na yale ya tumbako. Yeye alinitazama, akasema, "Kumbe siku ile nilikubana kidonda?" Nikasema ndiyo. Akalia yeye. Kisha, kwa sababu ni Selina, akasema, "Lakini pua yangu haikudanganya. Tumbako ilikuwa tumbako." Tukacheka na machozi, na akanisindikiza hospitali kesho yake.

Nilimkuta yule daktari. Nikamwambia, "Fungua ile karatasi. Pale uliandika hapana, kata." Nikamwambia ni dada, titi la kulia, hajafika thelathini. Daktari hakunigombeza. Aliandika, akauliza tu, "Binti yako yuko wapi sasa?" Nikasema sijui, amekasirika. Akasema, "Akasirike, lakini akuje wiki hii."

Kumbe Nafula alikuwa amefika mbele yangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto amelala mapajani. Hakunisalimia. Nikakaa mwisho wa benchi.

Haikuwa maziwa.

Ilikuwa kansa, ndugu zangu, lakini bado ndogo kama lile haragwe, haijatoka nyumbani kwake. Walimkata kipande tu, titi likabaki, kwapani pakawa safi. Daktari aliniambia mbele yake kwamba kama angengoja hadi arobaini, hiyo mashine ingemkuta amechelewa kuliko mimi. Hilo ndilo nililokuwa karibu kumpa mtoto wangu kwa kunyamaza.

Mimi nilikatwa titi lote la kushoto. Upande huo sasa ni tambarare kama uwanja wa kuanikia mahindi. Nameza tembe zangu kila asubuhi na naenda kliniki wanaponiita. Sisemi nimepona kabisa, maana nimechoka kushuhudia nisichojua. Nasema niko hai. Nafula yuko hai, amemaliza matibabu, amerudi sokoni na kelele zake. Mungu alinifungua, lakini mniandike vizuri: alinifungua kutoka kwa uongo wa nyumba yetu. Hakuziba pua. Aliingia hadi nyuma ya banda.

Nafula hakuongea nami miezi miwili. Alikuwa anatuma uji na dawa kwa mkono wa Selina. Siku aliyokuja mwenyewe alikaa karibu na moto, akasema, "Mayi, uji ulifika?" Nikasema ulifika. Hivyo ndivyo tulivyopatana. Sijui kama amenisamehe yote. Sijamuuliza, kwa sababu deni hilo si la kudaiwa jibu.

Nilimuuliza kama naweza kuandika haya. Nilifikiri atakataa kwa sababu ya wasichana wake. Akasema, "Andika. Lakini usiandike tumbako peke yake watu wacheke waende nyumbani. Andika jina lake."

Basi naandika. Dada yangu aliitwa Nafula, binti wa mkulima wa tumbako wa Malakisi. Aliimba vizuri kuliko mimi. Hakufa na malaria. Alikufa na kansa ya titi nyuma ya banda, na mimi nilichagua majani. Wajukuu wangu wote wasichana wanajua sasa, na mchumba atakayekimbia kwa sababu hiyo, tutamsindikiza hadi barabarani.

Akina mama wa Kitale, wa Kamukuywa, wa Malakisi, mpaka Lwakhakha kule mpakani: mtegemeeni Mungu na mseme ukweli kwa daktari, vyote viwili, siku moja. Akikuuliza nani kwenu aliugua, usijibu na malaria ya mama yako.

Na mkisomewa haya kanisani, tafadhali msinipigie makofi. Yale ya mwaka juzi bado ninayo, sikuyastahili, leo nawarudishia. Kama mikono yenu inawasha, nendeni nyumbani mjishike matiti, polepole, mpaka kwapani. Mkikuta kitu, msikifunge jani.